Ridhaa na Siri



Naomba kusema machache juu ya maneno mawili ambayo sisi tuandikao madaftari ya wagonjwa hapa Mpanda twayatumia kila siku.

La kwanza ni ridhaa. Ridhaa si alama ya dole gumba. Mzee atokaye Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi, huenda akafahamu Kirundi kuliko Kiswahili. Akitia dole pasipo kuelewa atakalotendewa, karatasi imekubali, yeye hakukubali. Yapasa aelezwe kwa lugha aijuayo, tena awe na hiari ya kukataa.

La pili ni siri. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 haimfungi mganga peke yake. Yawafunga na watunzao daftari. Nasema haya kwa aibu. Siku moja, barazani mbele ya watu, nilimwita mgonjwa kwa jina lake na ugonjwa wake. Aliondoka kimya, wala hakurudi kuchukua dawa.

Tangu siku ile naita namba tu. Nawasihi, ndugu zangu, msingoje kufundishwa kama mimi.