Kuipima Timu Kabla ya Mchezo

Wasikilizaji, mahali popote penye uwanja wa mpira, siku chache kabla ya mchezo mkubwa watu hukaa pamoja na kuzipima timu mbili zitakazokutana. Mara nyingi kipimo chao ni kimoja tu, nacho ni jina. Timu hii ni kubwa, ile ni ndogo. Basi shauri limekwisha. Lakini mwenye kupima kwa haki hutazama mambo matatu. Kwanza, nguvu ya timu iko wapi? Pili, upungufu wake uko wapi? Tatu, je, mpinzani wake anacho kitu kinachoweza kupenya mahali penye upungufu huo? Jambo hili la tatu ndilo linalosahauliwa na wengi, na hasara ya kulisahau ilionekana wazi nchini Marekani tarehe 1 Septemba, 2007, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilipokutana na timu ya Appalachian State.

Yafaa ifahamike kwamba mchezo wenyewe si ule wa kupiga mpira kwa miguu unaojulikana sana Afrika ya Mashariki. Mpira wa Kimarekani umechongoka pande mbili, nao hushikwa kwa mikono. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, na kila timu ina kundi moja la kushambulia na jingine la kulinda. Wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Wasipofika, mpira huwa wa wenzao. Kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho ni pointi 6, na kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye huupokea mpira, kisha huamua kumtupia mwenziwe, kumkabidhi mkimbiaji, au kukimbia nao mwenyewe.

Sasa na ipimwe Michigan kama ilivyokuwa kabla ya siku ile. Chuo hicho kilianza mchezo huu mwaka 1879, na katika daraja la juu hapakuwa na timu iliyokwisha kushinda michezo mingi kuliko yake. Waandishi wa michezo walikuwa wameiweka katika nafasi ya 5 nchini kote. Wala sifa hizo hazikuwa za bure. Kwotabeki Chad Henne alikuwa akiingia mwaka wake wa 4 katika kazi hiyo. Mkimbiaji Mike Hart alikuwa mtu mgumu kuangushwa. Mbele yao alisimama Jake Long, ambaye mwaka 2008 alichaguliwa kabla ya wote na timu za wachezaji wa kulipwa. Kwa kushambulia, basi, Michigan ilikuwa na nguvu ya kweli.

Upungufu ulikuwa katika ulinzi. Leon Hall, LaMarr Woodley, David Harris na Alan Branch, walinzi wanne hodari, walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kucheza kwa mshahara. Tena dalili zilikuwapo hata kabla hawajaondoka. Michigan ilishindwa michezo yake miwili ya mwisho ya msimu wa 2006. Ohio State waliishinda kwa 42 kwa 39, na timu ya Southern California kwa 32 kwa 18. Ohio State waliwatawanya wachezaji wao uwanjani, hata walinzi wa Michigan wakalazimika kuachana na kukimbizana nao katika nafasi pana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, mpinzani alikuwa na nini? Appalachian State ni chuo cha mji wa Boone, katika milima ya North Carolina. Timu yake ilikuwa ya daraja la chini, lililoruhusiwa kuwasomesha bure wachezaji kwa nafasi 63, hali daraja la juu liliruhusiwa 85. Kwa jina, ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwa bingwa wa daraja lake mwaka 2005 na tena 2006, na katika msimu huo wa 2006 ilishindwa mchezo wa kwanza tu, kisha ikashinda 14 mfululizo. Mwalimu wake, Jerry Moore, aliwafundisha vijana kutawanyika na kucheza upesi, na kwotabeki Armanti Edwards alikuwa mwepesi wa miguu na hodari wa kutupa. Kitu kilekile kilichoisumbua Michigan ndicho walichokuwa nacho.

Siku ilipofika, watu zaidi ya 109,000 walijaa uwanjani Ann Arbor. Michigan walitangulia kufunga, lakini ilipofika mapumziko wageni walikuwa mbele kwa 28 kwa 17. Kipindi cha pili nguvu ya Michigan ilionekana. Hart alikimbia hata akatimiza yadi 188 siku hiyo, na wenyeji wakapata uongozi wa 32 kwa 31. Zikiwa zimebaki sekunde 26, Appalachian State wakapiga mpira kati ya milingoti na kuongeza pointi 3. Michigan nao wakapata nafasi ya mwisho ya kupiga, lakini Corey Lynch akauzuia mpira. Mchezo ukaisha 34 kwa 32. Juma lililofuata Michigan hawakuwamo tena katika orodha ya timu 25 bora.

Wako waliosema ni bahati tu. Lakini juma hilohilo timu ya Oregon, yenye kwotabeki mwepesi Dennis Dixon, iliishinda Michigan kwa 39 kwa 7 papo hapo Ann Arbor. Ufa ulikuwa wa kweli. Na nguvu pia ilikuwa ya kweli, maana tarehe 1 Januari, 2008, Michigan iliishinda Florida, bingwa wa msimu wa 2006, kwa 41 kwa 35. Appalachian State nao walichukua ubingwa wa daraja lao mara ya tatu.

Basi aliyesema kwamba Michigan ni timu yenye nguvu hakukosea. Alikosea kwa kudhani kwamba nguvu ya mahali pamoja huziba upungufu wa mahali pengine. Mwalimu wa timu, iwe ya shule ndogo au ya chuo kikubwa, akiwakusanya vijana wake kabla ya mchezo, asiwaambie tu kwamba wao ni hodari. Awaonyeshe ufa wao ulipo, na ni nani upande wa pili anayeweza kuupitia.