Uvimbe usiouma kwa mtoto wa machungani

Mmezoea kumwita bwana mifugo kwa ajili ya ng'ombe. Leo nazungumzia watoto wanaowanywesha ng'ombe hao, kwa sababu dawa inayotumika vibaya hutoka kwenye sanduku letu la mifugo.

Kuna ugonjwa wa ngozi uitwao kidonda cha Buruli. Jina limetoka Buruli, Uganda, nchi ya wafugaji karibu na Ziwa Kyoga, ambako watu wengi waliugua miaka ya 1960. Bakteria wake ni jamaa wa wale wa kifua kikuu na ukoma, lakini huyu hashambulii mapafu, wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo msimtenge. Ugonjwa huonekana hasa kando ya vinamasi na maji yaendayo polepole, na barani Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kinachowadanganya watu ni kwamba hauumi. Jipu la ng'ombe mnalijua: lina joto, ukiligusa anaruka. Huu huanza kama kinundu chini ya ngozi, mara nyingi mguuni au mkononi, na mtoto anaendelea kucheza. Bakteria hutoa sumu inayoua nyama na kutia ganzi. Baadaye ngozi hupasuka. Juu unaona tundu dogo, kumbe chini ya kingo zake nyama imeshaliwa pande zote.

Hapo ndipo mzee anatoa OTC ya ng'ombe, au ile dawa ya bluu ya kupulizia. Hapana, wazee wangu. Haiponyi kidonda hiki, na kipimo cha ng'ombe si cha mtoto. Wala msichome kwa chuma cha moto. Dawa zake ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, kwa maelekezo ya hospitali. Kikiwahiwa kingali kinundu, mara nyingi hupona bila kisu. Kikichelewa, huhitaji upasuaji na kubandikwa ngozi, na goti au kiwiko chaweza kukakamaa kisinyooke tena.

Akina mama, mnapowaogesha watoto jioni, papaseni miguu na mikono. Mikwaruzo ioshwe kwa sabuni na maji safi. Anayeingia kinamasini avae suruali ndefu. Mkikuta kinundu kisichouma, msisubiri kipasuke. Nendeni hospitali, na mwambieni daktari mtoto hunywesha ng'ombe wapi, maana madaktari wengi hawakutani na ugonjwa huu mara kwa mara.