Kazi ya Kujitolea ya Akina Mama na Wajibu wa Vyama Vyetu

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Moshi)



Nimeombwa niseme juu ya utunzaji wa daftari la wanachama. Kabla ya kulifikia, naomba nizungumze juu ya akina mama wa mkoa huu, kwani kazi waliyoifanya inatuhusu sisi wenye madaftari kuliko tunavyodhani.

Historia ya ushirika wetu twaijua. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikaundwa mwaka 1933. Tangu siku hizo kahawa imechumwa, ikaoshwa na kuanikwa kwa mikono ya akina mama pamoja na waume zao, na mara nyingi imefika ghalani juu ya kichwa cha mama. Lakini jina lililoandikwa daftarini lilikuwa la mwenye kihamba, yaani mume. Mume alipokuwa hai, jambo hili halikuonekana kuwa na madhara makubwa. Madhara yake yalidhihirika zama za msiba.

Mwezi Julai 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka. Wakati huohuo UKIMWI, uliogunduliwa nchini mwaka 1983 huko Kagera, ulikuwa umekwisha kuingia mkoani kwetu. Vijana waliokuwa wamekwenda mijini kutafuta kazi na biashara walirudi vihambani wakiwa wagonjwa, kwa kuwa ndiko kwao, na ndiko wanakozikwa. Majirani wengine waliogopa hata kushika kikombe alichonywea mgonjwa.

Ndipo mwaka 1990 wanawake wa hapa Moshi walipokutana kuandaa Siku ya UKIMWI Duniani, ambayo mwaka ule iliwahusu hasa wanawake. Siku ilipokwisha, wao hawakutawanyika. Waliunda Kikundi cha Wanawake wa Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, ambacho wengi twakijua kwa jina la KIWAKKUKI. Mbegu hiyo haikuangukia ardhi ngeni; tangu UWT ianzishwe mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, wanawake wa nchi hii walikuwa wamezoea kujikusanya na kuendesha mikutano yao wenyewe. Kutoka mjini, kikundi kikatoa matawi hadi vijijini.

Kazi yao ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa kazi ya mikono. Mama aliyejitolea aliamka, akakata majani ya ng'ombe wake, kisha akaenda kwa mgonjwa. Alimwosha, akamfulia, akampikia uji, akawafundisha wa nyumbani namna ya kumhudumia pasipo hofu. Kadhalika kikundi kilitoa elimu na ushauri, kikahimiza watu kupima, na kikasaidia yatima kupata sare na ada. Tukumbuke kwamba Serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Miaka yote iliyotangulia, akina mama hawa walikwenda kwa wagonjwa wakijua kwamba wengi wao hawatapona, na bado walikwenda.

Jambo moja katika kazi yao linatufaa sana sisi. Waliwasaidia wazazi wagonjwa kuandika kitabu cha kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Humo mzazi aliandika ukoo, majina ya ndugu, habari za maisha yake na mambo aliyotaka mtoto ayajue atakapokuwa mkubwa. Walitambua kwamba jambo lisiloandikwa hufa pamoja na mwenye kulijua.

Sasa, ndugu zangu, tutazame madaftari yetu. Katika ukaguzi nimekuta mara nyingi majina ya marehemu waliozikwa miaka mingi iliyopita, nayo bado yanapokea kahawa. Anayeileta ni mjane. Katika chama kimoja mjane alileta kahawa misimu mitatu kwa namba ya marehemu mumewe. Malipo ya pili yalipotoka, aliambiwa kwamba yeye si mwanachama. Akaja shemeji yake, akatia sahihi, akaondoka na fedha. Katibu hakuiba hata senti. Alifuata daftari, na daftari lilikuwa limesema uongo kwa miaka mitatu. Mwaka ule watoto wa mama huyo walikosa ada, na mzigo ukawarudia wale wale akina mama wa kujitolea.

Hivyo basi, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aliye hai aandikishe sasa jina la mtu anayemteua kupokea hisa na haki zake atakapofariki, na katibu amsomee kwa sauti kilichoandikwa. Pili, kila chama kipitie daftari lote kabla ya msimu kuanza, na majina ya marehemu yapelekwe mbele ya halmashauri ili haki zao zihamishwe kwa utaratibu. Tatu, mjane anayelima aombe uanachama kwa jina lake, naye asizuiwe. Uanachama wa ushirika ni wa hiari na ni wazi bila ubaguzi wa jinsia. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Masale yanayozunguka kihamba huonyesha mpaka wa shamba. Hayamfukuzi mama aliyelitunza.

Wengine watasema kwamba mambo ya wajane ni ya ukoo, si ya chama. Nami nasema kwamba fedha ya kahawa ikiwa mezani kwa mtunza fedha, ni jambo la chama. Zaidi ya hayo, kuijali jamii ni msingi wa saba wa ushirika duniani, uliokubaliwa mwaka 1995.

Akina mama walijitolea kufanya kazi ambayo hakuna aliyewalipa. Tunachoombwa sisi ni kalamu, daftari na uaminifu, na kwa hayo katibu hulipwa. Tusishindwe.