Viza ya Mwanafunzi, Chaki ya Mwalimu: niliyosema kwenye kikao cha vijana



Nimeombwa niongelee ualimu China, maana wengi humu mmeshatumiwa yale matangazo: mshahara mnono, nyumba bure, tiketi juu yao. Mimi nitasema nilichokiona tu.

Nilienda jimbo la Zhejiang kusoma shahada ya pili. Hela ya kujikimu haikutosha, wakala mmoja akanipeleka shule ya msingi, siku tatu kwa wiki. Nikapewa darasa la tatu. Sera yao ya 2001 inataka Kiingereza kianzie hapo, ingawa shule nyingi za mijini huanza mapema zaidi. Watoto 45! Siku ya kwanza mmoja alinisugua mkono aone kama rangi inatoka. Nilicheka, na yeye akacheka.

Niliwapenda wale watoto. Wanapiga deki darasa lao wenyewe. Ikifika saa yake muziki unalia kwenye spika, wote wanafumba macho na kuyakanda pembeni, zoezi la kulinda macho. Sarufi na mitihani ilikuwa ya mwalimu wao Mchina. Mimi kazi yangu kuwazungumzisha. "Three" kwao ilikuwa "sri". Na sisi tulikuwa hivyohivyo, msijifanye mmesahau.

Sasa shida. Wakala aliniambia: mzazi akikuuliza, wewe ni wa Afrika Kusini. Kwa nini? Kibali cha kufundisha Kiingereza kwa kawaida kinawaendea wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania aliyesoma sekondari nzima kwa Kiingereza hayumo. Basi nikadanganya, miezi saba. Siku moja binti mmoja akanichora, juu ya kichwa akaweka bendera ya Afrika Kusini, kaipaka rangi zote sita bila kukosea. Nilimshukuru huku nikitazama pembeni.

Halafu jioni moja simu: kesho usije, polisi wamepita shule ya jirani. Sheria yao inayotumika tangu Julai 2013 iko wazi: mgeni akifanya kazi bila kibali, faini ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa unalala mahabusu siku 5 hadi 15. Mshahara wangu wa mwezi wa mwisho sikuuona. Ningemshtaki nani, na mkataba sina? Wakala alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka kwenda, aulize viza ya Z na karatasi ya kibali kabla hajatoa hata shilingi. Akiambiwa "ingia na ya biashara, tutabadilisha hukohuko", akate simu.

Ule mchoro ninao mpaka leo. Karibuni maswali.