Mche wa Kiriba au Mbegu Shimoni? Maneno ya Kikundi cha Kitalu kwa Wanachama



Sisi wa kikundi cha kitalu tumetakiwa tuseme neno juu ya jambo ambalo limeleta ubishi tangu mvua zilipokatika. Jambo lenyewe ni hili: mikorosho mipya ya msimu ujao tuioteshe kwenye viriba kitaluni halafu tuihamishe, au kila mtu atie mbegu shimoni, shambani kwake, ikae hapo hapo mpaka mwisho? Maneno haya tuliyasema mkutanoni, na tumeombwa tuyaandike hapa ukutani ili na wale waliokuwa shamba siku ile wayapate. Wasioona vizuri wasomewe.

Jambo hili si dogo. Mtu akipanda mahindi vibaya, mwakani anarekebisha. Mkorosho ukipandwa vibaya unakaa kimya miaka mitatu, minne, ndipo unakuonyesha. Wakati huo jasho lako limekwisha kwenda, na fedha ya chama iliyonunua viriba imekwisha kwenda. Tena mikorosho mingi tunayookota leo ni ile waliyopanda wazee wetu katika miaka ya 1950 na 1960. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mashamba yao, bei ilikuwa haileti moyo, na ule ugonjwa wa unga mweupe, ubwiriunga, ulikuwa umeingia. Miaka hiyo waliopanda mikorosho walikuwa wachache. Baadaye korosho zilipanda tena, tunashukuru, lakini pengo la miti iliyokosa kupandwa tunaliona kila tunapopita shambani: miti ya babu, halafu miti ya watoto, katikati hamna.

Basi tuanze na mzizi, maana ubishi wote umesimama hapo.

Kuna mimea inayokubali kuhamishwa na kuna inayokataa. Nyanya, kabichi, vitunguu, unavitoa kwenye tuta unavipanda pengine. Siku mbili tatu vinanyong'onyea, halafu vinasimama. Bamia, kunde na maboga huvihamishi, unatia mbegu pale pale. Mahindi nayo maisha yake ni ya siku za kuhesabu. Yakipoteza wiki nzima kwa kunyong'onyea, wiki hiyo hairudi. Mkorosho hauna shida ya siku, una miaka mingi mbele yake. Shida yake ni mzizi mkuu. Mbegu ikipasuka, kazi yake ya kwanza ni kupeleka mzizi chini moja kwa moja, kabla hata hujaona jani. Mzizi huo ndio unaoufanya mkorosho uvumilie kiangazi chetu kirefu bila mtu kuumwagilia hata kikombe. Ukiukata au ukiukunja, umeufukia mti kisima chake.

Sasa kiriba ni chumba kidogo. Mzizi ukifika chini unageuka, unazunguka, na ukicheleweshwa unajisokota kama kamba ya ndoo. Juu mche unapendeza, majani yanang'aa, mtu anausifu. Wengi wenu mnaikumbuka ile miche tuliyoletewa wakati mmoja, ikafika mvua zinaelekea kwisha, imekwisha kukaa kwenye viriba miezi chungu nzima. Hatutaji aliyeileta. Watu waliipokea kwa shangwe, wakaipanda, na Septemba ilikuwa kuni za kuwashia moto. Iliyosalimika michache ndiyo ile inayolala kila upepo ukivuma, kwa sababu chini haina nguzo, ina msokoto.

Tena kuna balaa jingine ambalo watu hawalijui. Kiriba kikikaa mahali pamoja muda mrefu, mzizi unatoboa chini na kuingia ardhini ya kitalu. Siku ya kugawa miche unanyanyua kiriba, unasikia *tap!* Huo ndio mzizi umekatika. Mwenye mche anaondoka anacheka, siku ya nne anarudi kulalamika kwamba kikundi cha kitalu kimempa mche mgonjwa.

Kwa hiyo wanaosema mbegu shimoni, upande wa mzizi wamesema kweli. Wazee wetu hawakuwa na kiriba. Walichomeka korosho tatu katikati ya mihogo, wakapalilia mihogo, na mikorosho ikapaliliwa humo humo. Ile miti bado imesimama. Na tuongeze jambo ambalo baadhi ya wanaume mkutanoni walilipita haraka: kitalu kinataka maji kila siku, miezi ya kiangazi, na maji hayo hayateremki kwa azimio la mkutano. Yanabebwa kichwani. Wanaobeba ni akina mama na watoto wao wa kike, nao wana maji ya nyumbani ya kuteka. Mtu akinyosha mkono kupitisha viriba vingi, aseme pia ni siku gani atateka yeye.

Lakini wazee watusamehe, kuna jambo ambalo mbegu peke yake haiwezi. Maua ya mkorosho huchavushwa na wadudu wanaotoka mti huu kwenda mti ule. Unachukua mbegu kwenye mti wako uzaao kuliko yote, unapanda, na mtoto anatoka vingine kabisa: mmoja anazaa vizuri, wa pili anazaa korosho kama punje za mahindi, wa tatu ana majani tu na kivuli cha kulalia mbuzi. Hata shamba la mzee mmoja lina miti inayolisha nyumba na miti inayokula nafasi. Ndiyo sababu wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, wanasisitiza miche ya kubebesha. Unaotesha mche wa mbegu, ukifika unene wa kalamu ya risasi unaukata kichwa, unaupasua kidogo, unauchomeka kikonyo kilichotoka kwenye mkorosho uliokwisha kujulikana kwa uzazi wake, unafunga kwa utepe wa nailoni. Chini ni mti wowote, juu ni mti uliouchagua. Huyu hazai kwa bahati nasibu.

Na kubebesha ni kazi nyepesi zaidi kitaluni, fundi akiwa amekaa chini ya kivuli na viriba mia vimepangwa mbele yake. Ndiyo sababu kiriba kimeingia katika habari hii. Mwenye kukishabikia hakipendi kwa ajili ya mzizi, anakipenda kwa ajili ya kikonyo. Mwenye kushabikia mbegu shimoni haipendi kwa ajili ya uzazi, anaipenda kwa ajili ya mzizi. Mkutanoni watu walipigana maneno saa mbili nzima kumbe kila mmoja anazungumza upande wake wa mti.

Rai yetu kikundi ni kwamba tusitumie njia moja kwa kijiji kizima.

Mwenye shamba karibu na kisima au karibu na barabara apate miche ya kubebesha ya kitaluni. Anaweza kuibeba bila kuitikisa, na anaweza kuipa maji mvua ikikata, maana sote tunajua Februari huwa inatuchezea. Mwenye shamba la mbali, kule ambako kiriba kimoja cha kilo mbili na zaidi kinabebwa kichwani kuvuka bonde, atie mbegu shimoni mvua za kwanza. Mbegu zikiota na miche ikifika unene, yaani miezi miwili hivi tangu ichomoze, kikundi kitamfuata huko huko na vikonyo, tubebeshe mche ukiwa umesimama mahali pake. Mzizi haukuguswa, na uzazi umechaguliwa. Hii ndiyo njia tunayoipenda sisi, tuseme wazi. Ubaya wake ni miguu. Fundi lazima atembee, na kikonyo kilichokatwa asubuhi si cha kuzunguka nacho siku tatu juani. Kifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu. Kwa hiyo mashamba ya upande mmoja yajiandikishe pamoja, ili siku ya kwenda upande huo tumalize upande huo.

Hesabu ya mbegu haimtishi mtu. Ukipanda kwa mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia mikorosho 28. Mbegu tatu kila shimo ni 84, hazifiki hata kilo moja. Msipande kwa kubana mkidhani mnapata faida. Mikorosho ikigusana matawi, inazaa juu tu na ubwiriunga unapata kivuli cha kukaa. Nafasi hiyo miaka ya kwanza lima karanga, kunde au njugu mawe humo.

Mbegu ziwe za mavuno mapya ya Oktoba na Novemba, zisiwe za mwaka juzi zilizosahaulika darini. Msichague zile kubwa sana za kujivunia, mara nyingi ni nyepesi ndani. Chukua za wastani zilizo nzito. Zitie kwenye ndoo ya maji: zinazoelea weka kando, zinazozama ndizo. Shimo lichimbwe mapema, futi mbili kila upande, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza urudishwe, uachwe utulie. Mbegu tatu zikae kwa mafiga, si rundo, zizame vidole vitatu tu, na ule upande uliokuwa umeshikana na bibo uangalie juu. Zitaota baada ya wiki mbili au tatu. Zikiota, acha mmoja wenye nguvu na mingine ikate kwa kisu. Usiing'oe, utatingisha mzizi wa jirani.

Adui yupo. Panya na kanga wanayapenda yale masikio mawili manene yanayotoka kwanza, na nguruwe hana adabu. Weka matawi ya miiba kuzunguka shimo. Ndiyo maana tunataka kila mwanachama wa mashamba ya mbali ahifadhiwe viriba vichache kitaluni vya kuzibia mapengo, vichache tu.

Kwa watakaochukua miche ya kitaluni: usiuangalie uso wa mche, geuza kiriba uangalie chini. Ukiona mzizi umetoka nje na kukatika, au umefanya duara, ukatae, hata kama mgawaji ni shemeji yako. Panda mvua zikiwa zimeshika, isiwe mwisho wake. Shimoni toa nailoni yote. Tumekuta miti ya miaka miwili ingali imevaa kiriba chini ya ardhi, imekondeana, mwenyewe anasema ardhi yake mbaya! Chana ubavuni kwa wembe, udongo usivunjike. Pale kilipofungwa kikonyo pabaki juu ya ardhi, na machipukizi yote yanayotoka chini ya hapo yaondolewe kila yanapoota, la sivyo mti wa chini utaumeza ule wa juu na utavuna usichokipanda.

Upande wa kikundi, tunakubali masharti haya. Mbegu za kitalu zitaingia kwenye viriba kabla ya mwisho wa Julai, si mapema zaidi, ili miche isizeeke ikingoja mvua. Viriba vitasogezwa kila baada ya wiki mbili mzizi usipate nafasi ya kutoboa. Mche utakaobaki bila mwenyewe mvua zikielekea kwisha hatutamgawia mtu kwa kumhurumia, hautapandwa. Na zamu ya maji itaandikwa kwa nyumba, wanaume wakiwemo, na karatasi ya zamu itabandikwa ubavuni mwa hii.

Kamati itaamua idadi ya viriba katika mkutano ujao. Kabla ya hapo kila mwanachama apitie kwa karani wa ghala aandikishe shamba lake lipo upande gani, lina nafasi ya mikorosho mingapi, na anachagua njia ipi. Asiyejiandikisha tutamhesabu kuwa hapandi mwaka huu. Wenye chepeo na chekecheke waje nazo Jumamosi asubuhi. Udongo wa kitalu umeletwa lakini bado una mawe.