Forsadi na Siha ya Jamaa Zetu



Mforsadi, ambao asili ya jamii yake nyeupe ni China, umeenea duniani kwa ajili ya majani yake kuliko kwa ajili ya tunda lake, kwani kiwavi wa hariri aghalabu hakubali chakula ghairi ya majani hayo. Na hata hapa kwetu, Kenya na Uganda, miti mingi ilipandwa kwa tamaa ya hariri, tunda likaachiwa watoto na ndege. Mimi naona kwamba fungu lililodharauliwa ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa siha zetu.

Gramu 100 za forsadi bivu zina maji yapatayo gramu 88 na kalori 43 tu, walakini mna vitamini C kiasi cha miligramu 36, na madini ya chuma miligramu 1.85. Chungwa, tulisifulo kwa haki, laishinda forsadi kwa vitamini C, lakini chuma chake ni kama miligramu 0.1. Hapa ndipo nitakapo tukae kidogo. Chuma kitokacho katika mimea hupokewa na mwili kwa shida zaidi kuliko kile cha nyama, na vitamini C ndiyo ikisaidiayo kupokewa. Forsadi basi imejaaliwa vyote viwili pamoja. Mama mjamzito na mtoto mchanga aliyeanza kula, ambao upungufu wa damu huwaandama mno, mara nyingi hula ugali, maharagwe na mchicha. Na bakuli la forsadi likifuatana na mlo huo husaidia hata chuma kilichomo katika maharagwe yenyewe. Sisemi kwamba latosha kuwa tiba: aliyepungukiwa na damu hana budi kupimwa, na vidonge alivyopewa na tabibu asiviache.

Rangi ile ya zambarau itiayo nguo madoa hutokana na anthosiani, ambazo maabarani zimeonekana kuzuia kemikali ziharibuzo chembe za mwili. Lakini ya maabarani si lazima yawe ya mwilini, nami sijengi hoja yangu hapo. Matabibu wa Kiyunani, wa mapokeo ya Waarabu na Wahindi, tangu kale huwapa wenye koo linalouma sharubati ya forsadi nyeusi. Ama majani, yana dutu ikawizayo wanga kugeuka sukari tumboni, ndiyo maana chai yake yasifiwa kwa wenye kisukari. Ila atumiaye dawa za kisukari asiinywe kabla ya kumwuliza daktari wake, isije sukari ikashuka kupita kiasi.

Fauka ya hayo, forsadi mbichi zina utomvu usumbuao tumbo, na zilizokaushwa huwa na sukari nyingi zaidi kwa uzito ule ule, basi zilizo bora ni bivu zilizochumwa siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa tunda hili ni laini mno, halistahimili safari, tusitumaini kwamba soko litatuletea. Sharti lipandwe karibu na mlaji. Kijiti kilichokatwa katika tawi lililokomaa, kikichomekwa katika udongo wenye unyevu, hushika mizizi, na mti ukipogolewa huchipua na kuzaa tena.

Kwa hiyo naiomba semina hii iazimie kwamba kila zahanati ya mama na mtoto, na kila shule yenye bustani, ipande miforsadi msimu huu wa mvua, na matunda yake wapewe kwanza wajawazito na watoto.