Siri ya Mmoja, Kazi ya Wengi: Mitandao ya Kuficha Utambulisho na Wanaoishambulia

Mhadhara wa umma, Kipushi, Haut-Katanga



Mwezi wa Septemba 2020, mahakama moja ya Kinshasa iliwahukumu kifo watu wawili ambao hawakuwepo mbele yake. Gradi Koko na Navy Malela hawakuua mtu. Walikuwa wafanyakazi wa benki, Afriland First Bank CD, na hati walizozitoa zilisaidia mashirika ya PPLAAF na Global Witness kuandika, Julai 2020, ripoti juu ya fedha zilizohusishwa na Dan Gertler, mfanyabiashara wa madini aliyewekewa vikwazo na Marekani tangu Desemba 2017. Gertler na benki walikanusha. Watoa habari hao walikuwa wamekwisha kukimbilia Ulaya, na wananchi hawakuisikia hukumu yao hadi Februari 2021.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kipushi. Mgodi wetu ulifunguliwa na Union Minière katika miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024 chini ya KICO, kampuni ya Ivanhoe Mines na Gécamines. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazigawia serikali za mahali asilimia 15 ya mrabaha, na inazidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Hapa kwetu au penginepo penye mgodi, fedha hizo zikipotea njiani, au maji ya mto yakiharibika, anayejua wa kwanza huwa ni karani, mhasibu, dereva au muuguzi. Mtu huyo ana simu mkononi. Swali langu ni hili: atasemaje bila kujulikana, na nani anaweza kumfichua?

Mtandao unafichaje mtu?

Wengi wetu tunadhani WhatsApp inatosha. Ni kweli kwamba ujumbe wake umefungwa kwa usimbaji fiche, na kampuni ya simu haiwezi kuusoma. Lakini kampuni hiyo inajua laini yako imesajiliwa kwa jina gani, mnara upi umekupokea na saa ngapi ulikuwa hewani; na WhatsApp yenyewe inaweza kujua unawasiliana na nani. Kwa mhasibu wetu, kumjua aliyezungumza na mwanahabari usiku wa kuamkia habari kutangazwa kunatosha kumfukuzisha kazi, hata kama hakuna aliyesoma neno lake moja.

Tatizo hilo lilishughulikiwa mapema. Mwaka 1981, David Chaum wa Marekani alieleza namna ya kupitisha barua za kompyuta katika vituo vinavyozichanganya, ili asijulikane nani kamwandikia nani. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, akiwemo Paul Syverson, walibuni njia ya matabaka iliyozaa Tor. Tor ilitolewa kwa umma mwaka 2002, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la faida.

Fikirini barua iliyotiwa katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Mchukuzi wa kwanza anafungua bahasha ya nje na kukuta jina la mchukuzi wa pili tu. Wa pili anafungua yake na kukuta jina la wa tatu. Wa tatu anafungua ya mwisho na kuifikisha. Wa kwanza anakujua wewe, lakini hajui barua inakwenda wapi. Wa tatu anajua inakokwenda, lakini hajui imetoka kwa nani. Wa kati hajui mwanzo wala mwisho. Tor hufanya hivyo kwa vituo vitatu, vilivyochaguliwa kati ya maelfu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea duniani, na hubadilisha njia mara kwa mara.

Kwa nini jeshi likaitoa silaha yake kwa raia? Kwa sababu mtandao unaotumiwa na askari wa majini peke yao ungemtangaza kila mtumiaji kuwa ni askari wa majini. Ili askari afichike, alihitaji kuchanganyika na mwanafunzi, mfanyabiashara, mwanahabari na mama anayetafuta habari za ugonjwa wa mtoto wake. Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Hesabu za usimbaji ni ngumu na nzuri, lakini kinachomficha mtu ni wingi wa watu wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mashambulizi

Shambulio la kwanza ni la kutazama ncha mbili. Tuseme mhasibu wetu anatuma kwa gazeti moja la Brussels faili la megabaiti nne saa mbili na robo usiku. Anayetazama upande wa kampuni ya simu anaona pakiti za data zikitoka kwa mpigo fulani: nyingi kwa sekunde kadhaa, kimya kidogo, kisha nyingi tena. Anayetazama upande wa gazeti, Brussels, anaona mpigo uleule ukiingia muda mfupi baadaye, na uzito ni uleule. Hakufungua bahasha hata moja. Amelinganisha saa na uzito tu. Tor haikujengwa kumshinda anayeona ncha zote mbili kwa pamoja, na wabunifu wake walilisema hilo waziwazi katika andiko lao la mwaka 2004, kwa kuwa ilitakiwa iwe na kasi ya kutosha kutumika kila siku. Septemba 2024, wanahabari wa Ujerumani walieleza jinsi polisi wa huko walivyolinganisha nyakati kwa kutazama vituo kwa muda mrefu, hadi wakampata waliyemtafuta.

Shambulio la pili ni la kujifanya wengi. Yeyote anaweza kuendesha kituo, hivyo adui naye anaweza kuendesha mia. Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Julai 2014, vituo 115 vilivyotoka mkono mmoja vilikaa ndani ya Tor vikiwa na asilimia 6.4 hivi ya uwezo wa vituo vya kuingilia, vikitia alama za siri katika mawasiliano ili vya upande mmoja vitambuane na vya upande wa pili. Baadaye mahakama ya Marekani ilithibitisha kwamba utafiti wa aina hiyo ulifanywa na taasisi ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, na kwamba vyombo vya dola viliyapata matokeo yake kwa amri ya kisheria. Mtandao wa wengi ulivamiwa na mmoja aliyevaa nguo za wengi.

Shambulio la tatu hufanyika mlangoni pa kutokea. Mwaka 2007 Dan Egerstad wa Sweden aliweka vituo vya mwisho vitano, akasikiliza yaliyopita, akapata nywila za barua pepe za balozi na ofisi za serikali za nchi mbalimbali. Waliokuwa wakizitumia huenda walidhani Tor inafunga ujumbe wao hadi mwisho wa safari. Tor huficha wewe ni nani, na ukiandika jina lako ndani ya barua isiyofungwa, umejitaja mwenyewe.

Shambulio la nne ndilo linalonitia hofu zaidi kwa ajili ya Kipushi, nalo halihitaji ujuzi wowote. Desemba 2013, mwanafunzi wa Harvard alituma kupitia Tor vitisho vya bomu ili mtihani uahirishwe. Hakuna aliyeivunja Tor. Wachunguzi waliangalia nani alikuwa akitumia Tor kwenye mtandao wa chuo saa ile, wakamkuta mwanafunzi huyo, wakamhoji, akakiri. Alistahili kupatikana. Lakini njia iliyompata yeye itampata pia muuguzi mwema anayeripoti dawa zilizoibwa, ikiwa katika mji mzima yeye peke yake ndiye anayetumia Tor.

Na shambulio la tano ni kuzima kila kitu. Tumelionja Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi. Tumelionja tena kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya kura, ambapo intaneti ilizimwa kwa siku ishirini hivi. Uganda ililionja katika uchaguzi wa Januari 2021. Mtandao ukizimwa, mjanja na mjinga wote wanakaa gizani. Hapa mpakani mtu hukimbilia laini ya Zambia, akapata mawasiliano, na asipate siri, kwa maana laini ile nayo inasajiliwa. Wengine hukimbilia VPN wakati mtandao fulani unapozuiwa. VPN ni njia ya kupita kizuizi, lakini mwenye kuiendesha ni mtu mmoja, naye anaona unakotoka na unakokwenda. Umehamisha imani yako kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Je, wahalifu?

Najua kuna mzazi hapa anayeuliza kama chombo hiki hakiwafichi wezi na wanaodhulumu watoto. Kinawaficha, baba, kinawaficha, mama. Siwezi kusimama hapa nikakataa. Lakini tazameni jinsi wengi wao walivyokamatwa: kwa makosa yao wenyewe, kwa askari waliojipenyeza, kwa kufuata fedha. Polisi wana njia nyingi za kumfikia mhalifu. Karani anayejua mrabaha umekwenda wapi ana njia chache mno za kuufikia umma akabaki hai na kazi yake. Mwizi akikosa Tor atanunua simu ya wizi. Karani akiikosa atanyamaza, na ukimya wake tutaulipa sote kwa barabara isiyojengwa na kisima kisichochimbwa.

Tufanye nini?

Nina maombi manne, na yote yanawezekana.

Kwenu wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi: endesheni vituo vya kati. Kituo cha kati hakitoi mawasiliano nje, hivyo hakimletei mwenyewe lawama za yale wanayoyafanya wengine. Vituo vingi vya Tor viko Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika tuna vichache mno. Najua umeme wa SNEL unavyokatika. Anzeni hata hivyo, na mjifunze kupima mashambulizi hayo kwa mikono yenu.

Kwa watoto wetu walioko Brussels, Paris na kwingineko: iko programu iitwayo Snowflake, inayoongezwa katika kivinjari cha kawaida, ambayo humkopesha mtu aliyezuiwa mlango wa kuingilia Tor. Mnaotuma fedha nyumbani kila mwezi, acheni pia mlango huo wazi.

Kwenu wanahabari: wekeni njia salama ya kupokea habari kabla ya siku mtakayoihitaji, na mwelezeni msikilizaji jinsi ya kuitumia: asitume kwa mtandao wa ofisini, asitumie laini ya kazi, afute jina lake katika faili, asitume hati ambayo yeye peke yake aliipata.

Na kwenu nyote: tumieni kivinjari cha Tor kwa mambo ya kawaida. Kipo kwa simu za Android, ni bure, ingawa kinakwenda polepole. Someni nacho matokeo ya mpira, bei ya shaba, habari za ugonjwa. Hamna la kuficha? Vizuri sana. Ninyi ndio mnaohitajika. Siku karani mmoja wa Kipushi atakapokuwa na jambo zito la kusema, anayemtafuta akute majina elfu moja, na yote ni ya watu wanaosoma habari za timu ya TP Mazembe.